SOMO: Lambo dogo la udongo ndani ya hifadhi ya wanyama (soma hatua ya 6 kabla hujaniuliza)

"Lambo langu linavuja, nifanyeje?" Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka. Naandika mara moja. Ukiuliza tena nitakupa namba ya hatua. Somo hili ni la tuta lisilozidi mita 3, kwenye kibonde kinachopitisha maji ya mvua tu. Kama lako ni refu zaidi, au kuna makazi ya watu chini yake, tafuta mhandisi.

1. Kibali. Cha maji na cha hifadhi, vyote viwili.

2. Mahali. Tafuta bonde linapobana, nyuma yake pakiwa pana. Makadirio ya ujazo: upana wa maji kwenye tuta, mara umbali ambao maji yatarudi nyuma, mara kina cha mwisho, gawa kwa 6. Mita 60 × 120 × 2 ÷ 6 ni mita za ujazo 2,400. Usishangilie, jua nalo linakunywa.

3. Udongo. Chimba vishimo vya majaribio. Loanisha udongo, uviringishe kama penseli. Ukikatikakatika, mchanga umezidi. Kisha dondosha donge kavu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise. Likivunjika maji yakabaki maangavu, sawa. Maji yakigeuka tui kuzunguka donge, uache udongo huo.

4. Vipimo. Upande wa maji 3 kwa 1 (mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo), upande mkavu 2.5 kwa 1, kilele upana wa mita 3. Ongeza asilimia 10 ya kimo, maana tuta litashuka.

5. Msingi. Ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi, uweke kando. Chimba mtaro wa kiini kwa urefu wote wa tuta mpaka ufikie tabaka lisilopitisha maji, ujaze mfinyanzi, ushindilie.

6. Bomba na kushindilia. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilimaliza tuta ndipo nikakumbuka bomba la kutolea maji. Nikalipasua tuta, nikalaza bomba, nikarudishia udongo mkavu kwa koleo na kuukanyagakanyaga kwa miguu. Mvua za kwanza likajaa, nikapiga na picha. Asubuhi ya tatu maji ya rangi ya kutu yalikuwa yakitoka ubavuni mwa bomba, upande mkavu. Mchana, ngiri angepita pale bila kuinama. Jioni hapakuwa na bwawa.

Kwa hiyo: bomba linalazwa KABLA ya tuta, ndani ya ardhi ngumu ya asili. Livishe kola za zege (kuta fupi zinazolizunguka bomba), lakini usizitegemee peke yake. Theluthi ya mwisho upande mkavu izungushie mchanga safi, maji yatakayopenya yapite bila kubeba udongo. Karibu na bomba shindilia kwa mkono, tabaka za sentimita 10. Kwingine sentimita 15. Udongo uwe na unyevu: ukiufumbata ushikamane, usichuruzike. Mkavu haushikani hata uupige kutwa nzima. Usimwage tabaka jipya juu ya lililokauka. Likwaruze na ulinyunyizie maji kwanza.

7. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi. Uchimbe pembeni, kwenye ardhi ambayo haijaguswa, mita 1 chini ya kilele. Uwe mpana, wa nyasi. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, huna tuta.

8. Rudisha udongo wa juu, panda ukoka. Miti marufuku.

9. Zuia wanyama wasipande tuta. Watengenezee njia ya kunywea upande wa pili, mteremko wa taratibu uliotandazwa mawe, ndama wasinase kwenye tope.

MASWALI

Kichuguu: Mkuu, somo zuri. Mteremko uweje?
Jibu: Hatua ya 4.

Kichuguu: Na bomba nikiliweka baadaye?
Jibu: Kichuguu, umesoma kweli?

Mzee wa Bonde: Miti unaionea. Lambo la kwetu lina miti juu ya tuta miaka mingi, halijavuja.
Jibu: Sijasema litavuja leo, mzee wangu. Mti ukifa mizizi inaoza, inaacha vijia vya maji ndani ya tuta. Ukiiona inakauka, usiseme sikusema.

Tone: Samahani mwalimu, langu linatoa unyevu chini, upande mkavu. Nimeweka chupa nikakinga: maji ni safi kabisa. Niogope?
Jibu: Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi. Tuta la udongo kuchuja kidogo si ajabu. Endelea kukinga, andika inachukua dakika ngapi chupa kujaa na bwawa lina kina gani siku hiyo. Kina kikiwa kilekile na chupa ikajaa upesi zaidi, au maji yakianza kuwa na tope, fungulia bomba siku hiyohiyo ushushe maji, kisha itisha mtaalamu. Tope maana yake tuta linaliwa kwa ndani. Kagua pia mashimo ya nungunungu.

Tone: Nungunungu wapo! Nizibe tu?
Jibu: Hakikisha kwanza hayumo ndani. Lifukue mpaka mwisho wake, kisha jaza na kushindilia kama hatua ya 6. Ukiziba mdomo tu umeacha pango.

Bata Maji: Sisi wa ndege tunaomba neno. Ukitaka ndege wa kando ya maji, usichimbe kingo zote ziwe wima. Acha upande mmoja wenye maji ya kufika kifundoni.
Jibu: Kweli, ingawa maji mapana ya kina kifupi yanakauka haraka. Mimi huchimba shimo moja refu katikati na kuacha mkia wa bwawa uwe tambarare.

Bata Maji: Na bomba usilifungulie lote kwa mkupuo. Shusha kidogo kidogo, kila wiki utepe mpya wa tope unaonekana, wenye midomo mirefu wanakuja kuchokoa.
Jibu: Hiyo sikuijua. Unashusha sentimita ngapi?

Bata Maji: Tano hivi. Watoto wa ndege wakiwa kwenye viota vya kuelea, siligusi kabisa.

Kichuguu: Bomba la inchi ngapi?