Kupanda ukijua huenda ukahama

Mkulima wa Hindi, Witu au Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, Kenya, hupiga hesabu mbili kila masika: mvua itakuja lini, na je, nitakuwepo kuvuna? Tangu watu wenye silaha waishambulie Mpeketoni Juni 2014, ziko familia zilizoyaacha mahindi shambani zikakimbilia mjini, na waliorudi wakakuta nyani wameshamaliza. Ukafuata ukame, misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Halafu El Niño ya 2023 ikaleta mafuriko.

Basi anza na pojo. Aina ya N26 hukomaa kwa miezi miwili na siku chache, ilhali mahindi ya PH4 yanataka mitatu hadi minne. Lolote likitokea katikati ya msimu, ushaweka kitu guniani.

Mvua ya kwanza isikutie pupa. Chimba shibiri moja, fumbata udongo wa chini. Ukishikana donge, panda; ukimomonyoka, ngoja. Udongo wa kichanga una hila yake: haushikani hata ukiwa umelowa, kwa hiyo angalia kama umekuachia ubichi kiganjani.

Tenga robo eka ya muhogo. Ni ghala ambalo hakuna awezaye kulichoma: ukishakomaa hukaa ardhini miezi kadhaa ukikungoja, ingawa ukizidi kukaa hujaa nyuzi, na nguruwe mwitu nao wanaujua vizuri kuliko sisi.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni mbegu. Debe moja lipeleke kwa jamaa aliye Malindi au Lamu mjini. Anayerudi shambani mikono mitupu hungojea mbegu za msaada, na mara nyingi hufika mvua ishapita.

Kafyu ikiwepo, saa za shamba ni chache. Palilieni kwa zamu, majirani kumi kwenye shamba moja, kesho kwa mwingine. Kazi huisha upesi na hakuna anayebaki peke yake karibu na msitu.

Mahindi yakikauka maganda, yavune. Usiyaache yakasimama shambani. Anika juu ya turubai, kwani sumukuvu hupendelea punje zenye unyevu. Kupima ni rahisi: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kioo, rudisha juani. Yakikauka, tia kwenye magunia ya kilo 50 badala ya 90. Bodaboda huyabeba mawili kwa safari moja.