Jinsi ya Kusikiliza Opera Redioni Bila Kupotea Njiani

Ukumbini macho hukusaidia: unaona nani ameingia na nani ameficha kisu, huku tafsiri ya maneno ikipita juu ya jukwaa. Redioni huna hata kimoja cha hivyo. Mtangazaji anakusimulia kisa kwa dakika chache, okestra inaanza, na kuanzia hapo umebaki na masikio yako. Wengi huzima katikati ya tendo la pili, yaani sehemu kuu ya pili ya onyesho, si kwa sababu muziki umewachosha, ila hadithi imewaponyoka. Hilo ndilo tutakalolizuia hapa.

Hatua ya 1: Tafuta kituo, kisha piga hesabu ya saa

Metropolitan Opera ya New York hurusha onyesho la Jumamosi mchana moja kwa moja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Mei au Juni. Matangazo hayo yalianza tarehe 25 Desemba 1931 kwa opera ya Hänsel und Gretel, na siku hizi vituo vya nchi nyingi hujiunga nayo, BBC Radio 3 cha Uingereza kikiwamo. Ukumbi wa opera wa La Scala, Milano, hufungua msimu wake tarehe 7 Desemba, na Rai Radio 3 ya Italia huwa hewani usiku huo. Tamasha la Bayreuth, Ujerumani, ambalo ni opera za mtunzi Wagner, huanza mwishoni mwa Julai na hurushwa na kituo cha BR-Klassik. Vingi unavipata kwa intaneti.

Kinachowaponza watu ni saa. Onyesho la saa saba mchana New York ni 18:00 UTC (saa ya kimataifa) wakati wa baridi, na 17:00 UTC saa zao zikishasogezwa mbele. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi. Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katika wiki hizo mbili tatu za katikati, msikilizaji wa Ulaya anayefuata mazoea atafungua redio na kukuta tendo la kwanza linaelekea ukingoni. Opera ndefu nazo huanza mapema zaidi. Kwa hiyo angalia ratiba ya siku yenyewe, usitegemee ya wiki iliyopita.

Hatua ya 2: Bando na hedifoni

Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Ya kilobiti 320 hula 144. Onyesho la saa tatu na nusu, pamoja na mapumziko yake, litakugharimu kama megabaiti 200 au 500. Ukibanwa chukua ya chini, waimbaji watasikika vizuri tu.

Pa kutobania ni kwenye hedifoni. Das Rheingold ya Wagner huanza na besi za nyuzi zikishikilia noti moja ya chini kabisa, polepole, kwa muda mrefu. Spika ya simu haiwezi kuitoa noti hiyo, na utadhani matangazo yamekatika. Tena usikimbilie kuongeza sauti kwa sababu mwanzo ni mdogo, maana tarumbeta na tromboni zikiingia utajuta. Pima kwa mtangazaji: akisikika kama mtu anayeongea nawe kwa utulivu, acha hapo hapo.

Hatua ya 3: Soma tendo kwa tendo, si mstari kwa mstari

Ushauri unaotolewa sana ni kushika libreto, yaani kitabu cha maneno ya opera, mkononi na kufuata kila neno. Mimi siuungi mkono, angalau si kwa anayeanza. Waimbaji watatu wakiimba maneno tofauti kwa wakati mmoja, macho yako hubaki nyuma yakitafuta mstari, na masikio nayo huacha kazi.

Badala yake, soma muhtasari wa tendo moja tu kabla halijaanza. Mapumziko yakifika, soma wa linalofuata. Kwenye libreto nyofoa mistari mitatu minne katika lugha inayoimbwa: maneno ya kwanza ya nyimbo kubwa, na maneno yanayotamkwa jambo zito linapotokea. Yaandike kwenye kikaratasi. Hizo ndizo nguzo zako.

Aina za sauti hazitakusumbua ukiwa umewahi kuimba kwaya. Soprano, alto, tenori na besi unazijua; ongeza tu baritoni kati ya tenori na besi. Kwa watunzi wa Italia Verdi na Puccini, mara nyingi tenori na soprano wanapendana na baritoni ndiye anayewavurugia. Haikubali kila mahali, lakini inakufikisha mbali.

Hatua ya 4: Weka alama mahali pasipoimbwa

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa jioni nzima. Matukio makubwa ya opera mara nyingi hutokea watu wakiwa kimya. Chukua Tosca ya Puccini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Roma tarehe 14 Januari 1900. Ninawapa wanaoanza hiyo kwa sababu muziki wake haufiki saa mbili na kila kitu kina mlio wake.

Mipigo mitatu mizito ya okestra mwanzoni kabisa ni Scarpia, mkuu wa polisi. Hajaingia bado, lakini kila ukiisikia, yuko karibu au anatajwa. Katika tendo la pili utasikia kwaya kwa mbali, kisha ikatike ghafla. Redio yako ni nzima: Scarpia amefunga dirisha. Baadaye Tosca, mhusika mkuu wa kike, anaimba "Vissi d'arte", watu wanapiga makofi, mazungumzo yanarudi. Halafu uimbaji unakoma na vyombo vya nyuzi vinabeba wimbo wa huzuni, taratibu. Hapo Scarpia anaandika hati ya kuwaruhusu Tosca na mpenzi wake kusafiri, na Tosca ameona kisu mezani. Kitakachofuata utakisikia bila kuambiwa. Tendo linamalizika kwa dakika kadhaa za okestra karibu tupu: Tosca anaichukua hati mkononi mwa maiti, anaweka mishumaa pembeni yake na msalaba kifuani, kisha anaondoka. Asiyejua atadhani ni muziki wa kujaza nafasi tu.

Fanya vivyo hivyo kwa opera yoyote. Katika libreto, maelezo ya jukwaani huwa ndani ya mabano. Yapitie yote hata kama maneno ya kuimba unayaruka.

Kwa mtunzi Mozart kuna alama nyingine: kinanda cha kale chenye mlio mkavu kikiingia na watu wakaanza kuimba kama wanaongea haraka, hadithi inasonga. Okestra nzima ikirudi, mtu anaeleza yaliyo moyoni.

Hatua ya 5: Sikiliza jukwaa lenyewe

Matangazo ya moja kwa moja yana vurugu yake, nami huipenda kuliko usafi wa studio. Sauti ikififia katikati ya sentensi, mwimbaji ameipa maikrofoni mgongo. Ukisikia mnong'ono unaotangulia maneno, huyo ni mtu wa kuwakumbusha waimbaji, aliyejificha kwenye kisanduku ukingoni mwa jukwaa. Makofi yakilipuka pazia linapofunguka kabla mtu hajaimba, yanapigiwa mandhari. Kwenye La bohème ya Puccini kama ilivyoandaliwa jukwaani na Zeffirelli pale Metropolitan, iliyoanza 1981, hutokea hivyo mwanzoni mwa tendo la pili.

Hatua ya 6: Mapumziko

Usizime. Waimbaji huhojiwa wakati huo, na muhtasari wa tendo linalokuja husomwa dakika za mwisho.

Hatua ya 7: Rudia kipande kimoja tu

Pazia likifungwa, mtangazaji husoma majina ya waimbaji na ya mwongozaji wa okestra. Yaandike. Baadhi ya vituo huacha onyesho kwenye tovuti kwa muda baada ya matangazo. Rudia dakika kumi zilizokugusa, kisha tafuta zilezile kwa waimbaji wengine. Kwa Tosca, anza na klarineti ya tendo la tatu inayotangulia wimbo "E lucevan le stelle", uone mwongozaji gani anaiharakisha na yupi anaiacha ipumue.