Milimita, sentimita au mita? Kupima gari na bodi bila kuharibu kazi

Fundi wa bodi (sanduku la mzigo la lori) wa Mwanjelwa, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, ananunua mbao za Mafinga kwa inchi na futi, kisha anazifunga kwenye chesisi iliyochorwa kwa milimita. Hasara nyingi huanzia hapo, siyo kwenye kuchomelea. Kabla ya kuvuta tepu jiulize: nikikosea, kosa la kiasi gani litaharibu kazi? Jibu ndilo litakalokuonyesha kipimo cha kutumia.

Chesisi, fremu ya bodi, mashimo ya bolti na umbali kati ya ekseli vipimwe kwa milimita tupu. Andika 5050, usiandike mita 5.05. Karatasi ya gereji haikosi grisi, na nukta ikifutika hujui tena kilichoandikwa. Sentimita waachie washonaji wa kava za siti na zulia. Mita ni za urefu na kimo cha gari zima, kwa desimali mbili, mfano 3.85. Kimo kikadirie kwa kupanda, kamwe usishuke: dereva anataka kujua kama atapita chini ya nyaya.

Ukipewa oda kwa futi, geuza kwanza zote ziwe inchi: inchi 1 ni milimita 25.4. Mtego mkubwa ni futi 7 na inchi 6 kuingizwa kwenye kikokotoo kama 7.6. Futi ina inchi 12, kwa hiyo hiyo ni 7.5, yaani inchi 90, sawa na milimita 2286. Hiyo 7.6 itakupa 2316. Milimita 30 zimeongezeka, na mlango wa nyuma ulioagizwa kwa kipimo sahihi utaacha mwanya.

Gari lisimame kwenye sakafu ya zege iliyo sawa (Mbeya kupata uwanja usio na mteremko nayo ni kazi), tairi zikiwa na upepo wake kamili. Usilaze tepu juu ya boneti na paa, maana mikunjo inaongeza urefu. Teremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kwenye bampa ya mbele na ya nyuma, weka alama za chaki sakafuni, kisha pima kati ya alama. Ile ndoano ya tepu inayocheza kidogo haijaharibika. Inasogea kwa unene wake yenyewe ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Ukiigonga nyundo ikakaza, tepu itadanganya.

Fremu ikishapigwa spoti (kushikizwa kwa nukta chache za kuchomelea), kabla ya kuchomelea moja kwa moja, pima kona kwa kona. Ya 5000 kwa 2300 isome 5504 pande zote mbili. Zikitofautiana, imekwenda upande. Sukuma kona zenye kipimo kirefu mpaka zilingane.

Ujazo unarudi kwenye mita. Bodi ya 5.0 × 2.3 × 1.0 ni mita za ujazo 11.5. Ukizidisha kwa sentimita, gawanya kwa 1,000,000. Ukigawa kwa 1,000 umepata lita. Na ujazo siyo uzito: mchanga mkavu una takribani tani 1.6 kwa mita ya ujazo, hivyo bodi hiyo ikijaa ni tani 18 na zaidi, na ukiloa unazidi. Mizani ya barabarani ya Wenda au Mpemba inapima uzito kwenye ekseli, haiangalii kama bodi imejaa au la.

Tairi ndiyo inayochanganya vipimo yenyewe. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye kimo cha ubavu, 15 ni inchi za rimu. Kipenyo chake ni 381 (inchi 15 za rimu) + 126.75 (kimo cha ubavu) × 2, karibu milimita 634. Ukifunga 205/70R15 kinafika 668: gari linanyanyuka kama milimita 17, na spidomita ikisoma 80, unakwenda karibu 84.