Vyuma vya meno kwa mtu mzima: kuanzia fizi hadi riteina

Jino likisogea, kinachofanya kazi ni mfupa. Waya hulisukuma kidogo tu. Utando mwembamba unaozunguka mzizi hubanwa upande jino linakoelekea na kutanuliwa upande linakotoka. Panapobanwa, seli hula mfupa. Panapotanuliwa, seli nyingine huujenga upya. Mwendo wake ni takribani milimita 1 kwa mwezi, na hata mtu wa miaka 60 meno yake husogea. Kwa hiyo anayejiuliza kama amechelewa anahesabu miaka, ilhali daktari ataangalia fizi na mfupa.

Tofauti ya mtu mzima iko kwingine. Mataya yamekwisha kukua na mshono wa katikati ya kaakaa umeshikana, hivyo taya la chini lililorudi nyuma, au la juu lililo jembamba, halielekezwi tena kama la mtoto wa miaka 12. Mara nyingi hubaki njia mbili: kuyapanga meno yafiche tofauti ya mataya, au upasuaji wa taya pamoja na vyuma. Daktari akikuambia meno yatanyooka lakini kidevu kitabaki kilipo, hakukwepi, anakuambia ukweli.

Kinywa kwanza

Kipimo cha haraka unacho nyumbani. Piga mswaki, tema, utazame mate. Yakiwa mekundu siku kadhaa mfululizo, fizi zina uvimbe na bado hujawa tayari. Kwenye kiti, daktari ataingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Kina cha 1 hadi 3 ni cha kawaida; kuanzia 4, na damu ikitoka, kuna kazi ya kusafisha chini ya ufizi kabla ya jambo lingine lolote. Usiharakishe hapa. Jino likisukumwa ndani ya ufizi wenye uvimbe, mfupa unaoliwa haurudi, na utamaliza ukiwa na meno yaliyonyooka na yanayocheza. Aliyewahi kupoteza mfupa bado anaweza kufungwa vyuma, mradi ugonjwa umetulia, nguvu zinazotumika ni ndogo, na anarudi kusafishwa kila baada ya miezi 3 hivi.

Matundu yazibwe, ukoga utolewe. Kisha mweleze daktari mambo haya hata asipouliza: dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfonati (huchelewesha meno kusogea, na jino liking'olewa kidonda cha taya kinaweza kukataa kupona), kisukari, sigara, ujauzito, na mzio wa nikeli au wa mpira. Nikeli imo kwenye nyaya nyingi, na raba nyingi za kuvutia meno ni za mpira wa asili.

Jino la kupandikiza halisogei kamwe, kwa sababu limeshikana na mfupa bila ule utando. Kama unalo, mpango mzima utalizunguka. Linaweza hata kuwa nanga ya kuvutia mengine. Kama bado unakusudia kupandikiza, subiri meno yapangwe kwanza. Penye pengo la gego lililong'olewa zamani, mara nyingi majirani wameinamia ndani, na kuwainua peke yake ni kazi ya miezi.

Nafasi itatoka wapi?

Baada ya eksirei ya meno yote, eksirei ya upande wa uso, picha na vipimo vya meno (kwa unga wa kuchukulia alama au kwa skana), utapewa mpango. Swali la kuuliza kabla ya mengine yote ni hilo la nafasi. Meno yaliyobanana hayanyooki hewani.

Njia ya kwanza ni kupunguza kingo za meno, hadi milimita 0.25 kila upande, yaani 0.5 kwa kila mahali meno mawili yanapogusana. Meno sita ya mbele ya chini yana migusano mitano kati yake: hiyo ni milimita 2.5. Kama umepungukiwa na 2, inatosha. Kama umepungukiwa na 8, utasikia habari ya kung'oa gego dogo kila upande, na kila moja hutoa kama milimita 7. Njia ya tatu ni kuyatanua meno kwenda nje, na hapa mtu mzima awe na tahadhari: mfupa wa mbele ya meno ya chini ni mwembamba, na jino likisukumwa nje yake ufizi hushuka na mzizi kuonekana. Mtu anayekuahidi kutong'oa hata jino moja kabla ya kuona eksirei anakuuzia kitu.

Uliza pia nini hakitarekebika, muda unaokisiwa (miezi 18 hadi 24 ni ya kawaida, matatizo madogo huisha mapema), na kama riteina (kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka) imo ndani ya malipo. Na kama una mwanya unaoupenda, sema siku hiyo hiyo. Wasiposikia neno, wataufunga.

Chuma, kauri au trei

Breketi ni vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya. Za chuma ni ndogo, imara, na kila kitu kinawezekana nazo. Za kauri hazionekani kwa mbali, lakini ni nene zaidi, huvunjika, na meno ya juu yakizigonga husagika, kwa hiyo wengi hufungwa kauri juu na chuma chini. Zile za upande wa ulimi hazionekani kabisa. Lugha hutatizika wiki za mwanzo na ulimi huchubuka. Trei angavu za plastiki huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kubadilishwa kila wiki 1 au 2. Ukijijua kuwa utazitoa kwa kila kikombe cha chai na kusahau kuzirudisha, chagua breketi.

Siku ya kubandika

Tenga saa moja hadi mbili, na ule kabla. Meno husuguliwa kwa unga usio na mafuta, kisha kila moja hupakwa asidi ya fosforasi ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Ina ukali wa ndimu ukionja. Ikioshwa na jino kukaushwa, uso wake hugeuka mweupe wa chaki, kama kioo kilichopulizwa pumzi. Weupe huo ndio unaoshika gundi. Tone moja la mate likigusa hapo, gundi haishiki, na hiyo ni sababu kuu ya breketi kung'oka wiki za mwanzo. Ukihisi mate yamefika, inua mkono. Kurudia ni kazi ya dakika moja.

Gundi hugandishwa kwa mwanga wa buluu sekunde kadhaa kwa kila jino. Daktari atachukua muda mrefu kuweka breketi mahali pake, na aachwe: ya jino la juu ikikaa nusu milimita karibu mno na ufizi, jino litashuka nusu milimita kuliko jirani zake. Penye jino lililovikwa kofia ya kauri, asidi ya kawaida haitoshi. Hutumika maandalizi mengine, na hata hivyo breketi hung'oka kwa urahisi zaidi. Waya wa kwanza ni wa nikeli na titani, mwembamba, kama milimita 0.35. Hupindika kufuata meno yaliyopotoka kisha hutaka kurudi kwenye umbo lake, na huko kurudi ndiko kunakoyavuta. Nyaya nene za chuma cha pua huja baadaye.

Wiki ya kwanza

Saa chache za mwanzo hutasikia kitu. Maumivu huanza jioni, hufika kilele kesho yake, na huisha ndani ya siku 3 hadi 7. Si ya kuchoma. Ni uzito, na jino huuma likigusana na lingine. Parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti inatosha. Ibuprofeni nayo hutuliza, lakini usiifanye ya kila siku kwa wiki nyingi, maana huzuia kemikali zile zile zinazoendesha kazi ya mfupa. Kula vyakula laini. Meno yatacheza kidogo ukiyagusa, na ndivyo inavyotakiwa.

Mashavu huchubuka mpaka yazoee. Kata nta kiasi cha punje ya njegere, ifinyange kwa vidole mpaka ilainike, kausha breketi kwa tishu, kisha uibandike na kuisawazisha. Juu ya breketi yenye mate haikai hata dakika tano. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja.

Usafi

Madoa meupe ya kudumu yanaweza kuanza kuonekana kuzunguka breketi ndani ya mwezi mmoja. Kila ukimaliza kula, toa mabaki. Asubuhi na usiku fanya kazi kamili ya dakika nne au tano: lalisha brashi nyuzi 45 kati ya breketi na ufizi, kisha igeuze chini ya breketi, kisha juu ya breketi yenyewe. Brashi ndogo ya katikati ya meno ipite chini ya waya, kutoka juu na kutoka chini. Tumia dawa ya meno yenye floridi ya takribani 1,450 ppm. Tema bila kusukutua. Jioni, uzi wenye ncha ngumu upitishwe chini ya waya kila penye mgusano.

Vitu vigumu na vya kunata viachwe: barafu, karanga ngumu, tofi. Tofaa likatwe vipande, nyama itolewe kwenye mfupa. Anayefungwa raba angavu za kushikia waya ajue kuwa bizari ya manjano huzigeuza njano kwa mlo mmoja.

Vitu vinapoharibika

Waya ukichoma shavu nyuma, mara nyingi ni habari njema: mianya imefungika, waya umebaki mrefu. Usukume ulale kwa ufutio safi wa penseli, weka nta, piga simu. Breketi iliyoachia lakini bado inateleza kwenye waya iache hapo hapo, ifunike kwa nta, na uombe nafasi. Ukikaa nayo mwezi mzima, jino lile halisogei, na linaweza kugeuka vibaya.

Raba za kuunganisha taya la juu na la chini ndizo zinazochelewesha watu wengi. Zivaliwe mchana na usiku kama ulivyoelekezwa, zibadilishwe kila siku kwa sababu huchoka. Kuvaa usiku tu wakati umeambiwa siku nzima ni kuvuta na kuachia. Wala usivae mbili mahali pa moja ili kufidia. Nguvu ikizidi huumiza mzizi.

Kuna mambo mawili yanayowashtua watu wazima katikati ya safari. La kwanza ni pembetatu nyeusi karibu na ufizi, kati ya meno ya mbele. Hazikuletwa na vyuma. Meno yaliyopandana yalikuwa yakificha ufizi uliokwisha kushuka. Hupunguzwa kwa kusawazisha kingo ili mgusano uwe mrefu, au kwa kujaziwa. La pili ni ncha ya mzizi kufupika. Milimita 1 au 2 hazina madhara, lakini omba eksirei ya kukagua katika mwaka wa kwanza. Ikizidi, kazi husimamishwa miezi michache.

Baada ya kufunguliwa

Breketi hubinywa kwa koleo, zikaachia; gundi husagwa. Hii si siku ya kuondoka mikono mitupu. Nyuzi za ufizi zinazoshika jino zinaweza kuchukua mwaka kujipanga upya, na mpaka hapo zinalivuta kurudi lilikotoka. Riteina iwe tayari siku hiyo, au ndani ya siku chache.

Ya waya iliyogandishwa nyuma ya meno ya mbele haisumbui, na hapo ndipo hatari yake: inaweza kuachia jino moja bila wewe kujua. Pitisha kucha kila wiki. Sehemu inayochezacheza ionwe na daktari. Ya kuvaa na kuvua huvaliwa karibu muda wote kwa miezi ya mwanzo, kisha kila usiku, kwa kadiri utakavyotaka meno yabaki hivyo. Ikibana baada ya kuikosa siku mbili, irudishe muda wote mpaka ilegee. Isipokaa kabisa, usiilazimishe. Nenda itengenezwe nyingine wiki hiyo. Ioshe kwa maji baridi, ya moto huipinda. Na wakati wa kula iweke kwenye kikasha chake, kamwe usiifunge kwenye tishu: nyingi hutupwa pamoja na mabaki ya mezani.