Kuanzisha mimea hai kwenye tangi dogo la samaki: kutoka mchanga mkavu hadi wiki ya sita

Mimea mingi ya tangini haifi kwa maradhi. Hufa ndani ya mwezi wa kwanza kwa sababu imefukiwa vibaya, imemulikwa kupita kiasi, au inang'olewa kila siku mbili ili mwenyewe aone kama imeota mizizi. Mwongozo huu ni wa tangi la sentimita 60 × 30 × 30, yaani lita 54, lisilo na mtungi wa gesi ya kaboni, katika nyumba za mwambao ambako maji hukaa nyuzi 27 hadi 30 bila hita.

1. Mimea ya kuanzia

Nunua Vallisneria miche 10, Anubias barteri 2, kangaga la Java (Microsorum pteropus) mashina 2, na Ceratophyllum demersum vishada 3 vyenye urefu wa sentimita 20. Yote inavumilia joto letu. Anubias asili yake ni Afrika Magharibi. Vallisneria na Ceratophyllum zinaota zenyewe katika maziwa yetu makuu.

Ceratophyllum usiiache hata ukiiona haina umbo la kupendeza. Haina mizizi, inaelea tu, na hukua haraka kuliko zote. Wakati mimea mingine bado inajizoesha, hii inanyonya amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu unaooza, na kuupora mwani, ule utando wa kijani unaoota majini, chakula chake.

2. Mchanga

Tumia mchanga wa mtoni wenye punje za milimita 1 hadi 2. Kwa kina cha sentimita 5 unahitaji kilo 14 hivi. Kabla ya kuuosha, chukua kiganja kimoja kikavu, kidondoshee siki na utazame kwa karibu. Ukiona vipovu vinachemka, mna vipande vya makombe au matumbawe, na mchanga huo utayafanya maji yawe magumu na ya alkali. Katika maji ya namna hiyo mimea hushindwa kuvuta chuma, majani mapya hutoka yamepauka. Ndiyo maana mchanga wa ufukweni haufai.

Osha kidogo kidogo ndani ya ndoo mpaka maji yatoke meupe. Wengi huchoka kwenye ndoo ya nne; endelea. Usichanganye samadi wala mbolea za shambani kama urea na DAP. Urea ikishaoza inakuwa amonia, na amonia inaunguza mimea michanga na kuua samaki.

3. Kusafisha mimea

Toa mimea kwenye vikopo, bandua ile sufi ya kijivu iliyoshika mizizi, kata majani ya manjano. Kwangua kwa ukucha mayai ya konokono, yale matone ya utelezi chini ya majani. Kisha loweka mimea kwa saa 3 kwenye maji yenye shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, na uisuuze vizuri. Konokono wachache watapenya hata hivyo. Hawana madhara makubwa.

4. Kupanda

Weka tangi mahali pake pa kudumu kwanza, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Likijaa litazidi kilo 65, kwa hiyo meza iwe imara na sawa. Mimina maji ya sentimita 10 tu juu ya mchanga, ukiyaelekeza kwenye sahani yasichimbe shimo.

Vallisneria: punguza mizizi ibaki sentimita 3, ishike kwa kibano, izamishe kwa mshazari kupita kina unachotaka, halafu ivute juu taratibu. Simama pale kitovu cheupe, mahali majani yanapokutana na mizizi, kinapochomoza juu ya mchanga. Kitovu kikifukiwa, mche unaoza ndani ya wiki moja. Acha sentimita 5 kati ya mche na mche, nyuma ya tangi.

Anubias na kangaga hazipandwi mchangani kabisa. Zina rizomu, shina nene linalolala kama tangawizi, na rizomu ikifukiwa inalainika, inanuka, mmea mzima unakufa. Hili ndilo kosa linaloua Anubias nyingi kuliko jingine lolote. Funga rizomu kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa pamba, au iguse kwa tone la supagluu. Mizizi itajishikilia yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Sasa jaza maji polepole. Ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Ya kisima, yaonje: mwambao visima vingi vina chumvi, na hapo kati ya hizi Vallisneria na kangaga la Java ndizo zinazoweza kuhimili chumvi kidogo.

5. Taa

Taa ya LED ya wati 10 hivi, lumeni 900 hadi 1,000, rangi ya mwanga kelvini 6,500 (mweupe kama wa mchana), inatosha. Iwake saa 6 kwa siku kwa wiki tatu za kwanza, kisha saa 8. Tumia taima. Umeme ukikatika jioni, usifidie kesho yake kwa kuwasha kwa muda wa saa 12. Mimea haitapungukiwa, ila mwani utafaidi.

6. Wiki sita za mwanzo

Badilisha lita 15 za maji mara mbili kwa wiki katika wiki mbili za kwanza, halafu mara moja kwa wiki. Mbolea ya maji ya mimea ya tangini ianze wiki ya tatu, nusu ya kipimo cha kwenye chupa.

Majani ya zamani yakiyeyuka na kuwa kama karatasi iliyolowa, usishtuke. Miche mingi hukuzwa nje ya maji, na majani yale hayakuumbwa kuishi chini. Yakate, tazama kitovu: kikiwa kigumu, majani mapya yanakuja. Ceratophyllum nayo inaweza kupukutisha vijani vyake vyote kama sindano siku za mwanzo. Vinyonye kwa mpira visiozee chini.

Vumbi la kahawia kwenye kioo ni kawaida kati ya wiki ya pili na ya sita. Lifute kwa sponji. Nyuzi za kijani zikitanda, punguza muda wa taa kwa saa moja kila siku. Kangaga likitoka madoa meusi yaliyopangika chini ya jani, usilitupe, hizo ni mbegu zake za vumbi. Matundu kwenye majani makuukuu ndiyo dalili ya upungufu wa potasiamu.

Samaki waingie pale kipimo cha amonia na cha nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, vinaposoma 0 kwa wiki nzima. Anza na gapi (guppy, samaki wadogo wa mapambo) 5. Perege na samaki wa dhahabu watakula na kung'oa kila kitu. Samaki wako wakihema juu ya maji alfajiri, ongeza mtiririko wa hewa usiku: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na gizani mimea nayo inaitumia.

Vallisneria ikitambaza vikonyo, ngoja mche mpya uwe na majani 4 na mizizi yake ndipo ukate na kuhamisha. Mabaki yote ya kupogoa yaanike juani mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyatupa. Usiyamwage mtoni wala mtaroni. Magugu maji ya Ziwa Victoria, yaliyoonekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980, ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa na watu waliopenda maua yake; mabaki yako nayo yanaweza kuota na kuenea vivyo hivyo.