Sumu ya Shambani Isimfikie Mtoto: Ushauri kwa Wakulima wa Mboga wa Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya mchicha na matembele yanayouzwa katika masoko ya Dar es Salaam hulimwa ndani ya jiji hilohilo, kwenye matuta ya Bonde la Msimbazi, kandokando ya vijito, na katika viwanja vilivyobaki wazi kati ya nyumba. Ukaribu huo humwezesha mkulima kufikisha mboga sokoni zikiwa mbichi, lakini pia huweka bomba la dawa hatua chache tu kutoka mahali mtoto anapotambaa, anapocheza na anapokula. Ushauri huu unamhusu mtoto huyo, kwa sababu tunapozungumzia usalama wa viuatilifu tumezoea kumfikiria mtu mzima aliyebeba bomba mgongoni, ilhali mwili unaoumia zaidi ni ule mdogo.

Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto hula, hunywa na huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na mikono inayogusa vumbi la uwanjani haikawii kufika mdomoni. Sumu za kundi la oganofosfeti, kama vile profenofosi na klopairifosi, huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na njia hiyohiyo ya mawasiliano ya neva imo katika mwili wa binadamu, ambamo ubongo huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni. Isitoshe, vimeng'enya vinavyozivunja sumu hizi ni vichache mwilini mwa mtoto mchanga. Katika Bonde la Salinas, jimboni California nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto wa jamii ya wafanyakazi wa mashambani tangu kabla hawajazaliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya sumu hizo kwenye mkojo wakati wa ujauzito walipata, walipofikisha miaka 7, wastani wa alama 7 pungufu katika vipimo vya akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Madhara ya namna hii ni magumu kuyatambua, kwani mtoto hatapiki wala hazimii, bali huchelewa kushika masomo na mzazi asijue chanzo. Kwa hiyo mama mjamzito au anayenyonyesha asichanganye dawa, asipige bomba, wala asifue nguo za aliyenyunyizia.

Nguo hizo zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Baba anayerudi kutoka bondeni na kumpakata mwanawe kabla ya kuoga humwachia mtoto dawa iliyoganda kwenye shati na mikononi. Aoge kwanza na kubadili nguo, na zile za kazi zifuliwe peke yake, katika beseni ambalo halitumiki kwa nguo za watoto wala vyombo vya chakula. Hatari nyingine ni ile desturi ya kupimiwa dawa kidogo kidogo katika chupa za maji au za soda, ambayo haifai kuvumiliwa hata kidogo, kwa sababu mtoto mwenye kiu hunywa kile ambacho chupa humwambia kimo ndani. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa katika kopo lake lenye lebo, uifungie kwa kufuli mbali na jiko na chumba cha kulala. Kopo likiisha, lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba, kisha litobolewe ili asipatikane wa kulichotea maji.

Jambo gumu zaidi kwa mkulima wa mboga za majani ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha huwa tayari katika muda wa wiki 3 hadi 4, na matembele huchumwa tena na tena kutoka shina lilelile, huku mnunuzi akigonga mlango kila alfajiri. Kama lebo inaagiza siku 14, dawa hiyo haifai kwa matembele yanayochumwa kila wiki, hata iwe inaua wadudu namna gani, na iliyosajiliwa kwa pamba isipigwe kwenye mboga. Gawa matuta kwa zamu, na kila tuta lililonyunyiziwa liwekewe kibao chenye tarehe. Kagua majani kabla ya kuamua, kwani vidukari wachache huondolewa kwa kung'oa majani yaliyoshambuliwa au kwa maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa.

Mtoto aliyepatwa na sumu hizi huweza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka na pumzi kuwa nzito. Mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, na umkimbize hospitalini bila kumlazimisha kutapika na bila kupoteza muda kwa kumnywesha maziwa, ambayo si tiba ya sumu hii. Chukua pia kopo lenye lebo, kwa kuwa daktari huchagua tiba kulingana na aina ya sumu iliyomo.