Bima ya gari Australia: ukishalipa rego bado hujamaliza

Wengi wetu tunafika Australia na mazoea ya Bongo, kule ukishakata bima ndogo ukamgonga mtu kampuni inamtengenezea gari, kwa hiyo unalipa rego yako (ada ya usajili wa gari) Melbourne au Perth, unaambiwa bima ya lazima imo humo humo, basi unajiachia barabarani. Kumbe ile bima ya lazima, CTP, inahusu watu tu. Ukimvunja mtu mguu inashughulika na matibabu, ukimbomolea BMW yake haitoi hata senti, na gari yako ndo kabisaa. Deni lote la kwako, na kampuni ya bima ya mwenye BMW itakudai mpaka ulipe.

Hiyo CTP kuipata inategemea jimbo. Victoria, Tasmania na Australia Magharibi inakuja na rego, huchagui kitu. Queensland na Australia Kusini unachagua kampuni ila unalipa pamoja na rego. New South Wales unainunua kwanza pembeni, wanaiita Green Slip, bila hiyo hupati rego. Linganisha bei, lipa, endelea na maisha.

Pa kuumiza kichwa ni kwenye bima za hiari. Ya chini inalipa mali za watu ulizoharibu, gari yako utajijua. Ya kati inaongeza moto na wizi. Ya juu ndo bima kubwa, inatengeneza na gari yako hata kama kosa ni lako, hata mvua ya mawe ya Brisbane ikiitoboatoboa, hata kangaruu akikurukia jioni (na wanaruka kweli, asikudanganye mtu). Kwa maoni yangu gari iliyochoka ya dola 3,000 ichukulie ya chini, lakini hiyo usiikose. Gari ya mkopo kata bima kubwa, mara nyingi hata aliyekukopesha atakulazimisha.

Halafu usikimbilie bei ya mwezi, angalia eksesi, yaani hela unayotoa wewe mfukoni kabla kampuni haijaweka ya kwake. Bima inaweza kuonekana ya bei chee kumbe eksesi dola 2,000, sasa kwa mkwaruzo wa dola 1,500 hiyo bima inakusaidia nini? Dereva akiwa chini ya miaka 25 kampuni nyingi zinaongeza eksesi nyingine juu yake, na dereva ambaye hukumwandikisha wengine wanaongeza tena, wengine wanakataa kulipa kabisa. Hapo ndo sisi tunaumia, maana gari moja inaendeshwa na shemeji, binamu, na mtoto mwenye P-plate (leseni ya muda ya dereva mpya), ufunguo unaning'inia tu ukutani. Waandikishe wote wanaoiendesha mara kwa mara hata bei ikipanda. Na ule ujanja wa kumwandika mama kuwa ndo dereva mkuu wakati anayeitumia kila siku ni kijana wa miaka 19, acheni jamani, ni uongo na siku ya ajali malipo yanaweza kukatwa au kukataliwa. Unaendesha Uber au unapeleka chakula? Sema mapema, bima ya kawaida mara nyingi haihusu biashara.

Bima kubwa pia itakuuliza, gari ikifa kabisa ulipwe bei mliyokubaliana mwanzo au bei ya soko ya siku hiyo. Ya kukubaliana inaongeza gharama kidogo ila unajua utapata ngapi, kwa gari ya mkopo mimi ningechukua hiyo.

Kabla hujalipa soma PDS, yaani kijitabu cha masharti ya bima, hasa kurasa za vitu wasivyolipa, na ukijuta una angalau siku 14 za kughairi kama hujadai chochote. Mwaka ukiisha usikubali tu bei mpya waliyotuma, tafuta nyingine mbili tatu ulinganishe.

Wakikataa kukulipa, lalamika kwanza kwao kwa maandishi, wana siku 30 za kujibu, wakikuzungusha nenda AFCA, chombo huru kinachoamua malalamiko ya wateja wa bima, ni bure, na ukitaka mkalimani wa Kiswahili omba.